Miswada ya Bunge la Taifa mtandaoni: karatasi zipo, kalenda haipo

Ukitaka kujua mswada fulani umefika wapi katika Bunge la Taifa la Kenya, kuna milango minne isiyolipishwa: tovuti ya Bunge lenyewe, tovuti ya Kenya Law inayohifadhi sheria na miswada, jukwaa la Dokeza linaloendeshwa na shirika la Mzalendo, na matangazo ya Karani wa Bunge magazetini. Tathmini hii inaipima yote minne kama huduma moja, kwa kuwa hakuna hata mmoja unaojitosheleza. Huku utapata mswada bila tarehe, kule tarehe bila mswada.

Tuanze na sifa, maana zipo. Kupata maandishi kamili ya mswada leo ni kazi ya dakika chache na bando dogo la simu, wala huhitaji kumfuata Mchapishaji wa Serikali ukanunue nakala. Lakini maandishi ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kujua kamati inapokea maoni kuanzia lini hadi lini, na hapo ndipo huduma hii inapovuja kama paa la mabati makuukuu.

Pa kuupata mswada, na namba ya kuushika

Kanuni za Kudumu, yaani kanuni za kuendesha shughuli za Bunge, zinataka kila mswada uchapishwe katika toleo la nyongeza la Gazeti Rasmi la Serikali kabla ya kuletwa Bungeni. Mswada wa kawaida hukaa siku 14 tangu kuchapishwa ndipo usomwe mara ya kwanza. Ile ya kuidhinisha matumizi ya serikali hukaa siku 7. Siku hizo ni zawadi kwa msomaji, kwa sababu mswada unapatikana lakini saa ya kamati haijaanza kugonga. Anayesubiri tangazo la gazeti ndipo afungue mswada amezitupa bure.

Kenya Law hupanga miswada kwa mwaka na kwa bunge, ya Bunge la Taifa kando na ya Seneti kando. Kwa kutafuta maandishi tu, ndiyo inayofaa kuanzia. Tena sheria zinazotumika sasa zimo humo humo, kwa hiyo unaweza kufungua mswada upande mmoja na sheria inayorekebishwa upande wa pili. Tovuti ya Bunge nayo ina ukurasa wa miswada chini ya shughuli za Bunge la Taifa, ila faida yake kubwa ni vitu vinavyozunguka mswada: ratiba za vikao, ripoti za kamati, Hansard (kumbukumbu za mijadala neno kwa neno), na jedwali la maendeleo ya miswada.

Angalia namba kabla ya jina. Mwaka mmoja unaweza kuwa na miswada miwili au mitatu ya kurekebisha sheria ile ile, yenye majina yanayofanana kama mapacha, mmoja wa serikali na mingine ya wabunge binafsi. Kinachoitofautisha ni namba ya mswada, bunge ulikoanzia na mwaka. Juu ya ukurasa wa kwanza kuna namba mbili, ya toleo la nyongeza la Gazeti na ya mswada. Ya kunukuu katika maoni yako ni ya mswada. Ukishapitishwa na kutiwa saini hupata namba nyingine kabisa: Mswada wa Fedha wa 2023 ulikuwa Mswada Namba 14 wa Bunge la Taifa, na sheria iliyotokana nao ni Sheria Namba 4 ya 2023. Anayetafuta sheria kwa namba ya mswada atazunguka mtandaoni mpaka achoke.

Usomwe kuanzia nyuma

Mswada wa Kenya husomeka vizuri zaidi ukianzia kurasa za mwisho. Baada ya vifungu vyote kuna maelezo ya madhumuni na sababu, yaliyotiwa saini na mwenye mswada. Ni kurasa chache zinazoeleza kila kifungu kinakusudia nini. Chini yake huja kauli fupi ambazo wengi huziruka na hawapaswi: kama mswada unampa waziri au chombo kingine mamlaka ya kutunga kanuni, kama unabana haki za msingi, kama unahusu serikali za kaunti, na kama ni mswada wa fedha kwa maana ya Ibara ya 114 ya Katiba, yaani unaohusu kodi, mikopo au matumizi ya fedha za umma.

Hiyo ya kaunti ina uzito wake. Mswada usiohusu kaunti humalizikia Bunge la Taifa. Unaohusu kaunti lazima upite Seneti pia, na Ibara ya 110 inataka maspika wawili wakubaliane juu ya hilo kabla ya kujadiliwa. Jambo hili likipuuzwa, gharama huja baadaye mahakamani: Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 kwa sababu Seneti haikushirikishwa, na rufaa ikabadilisha sehemu tu ya uamuzi huo. Kwa mtoa maoni, maana yake ni kwamba mswada wa kaunti una meza mbili za kamati, na maoni uliyopeleka kwa Karani wa Bunge la Taifa hayavuki ukumbi yenyewe kwenda Seneti.

Kurasa za mwisho kabisa huchapisha tena sehemu za sheria ya sasa zinazopendekezwa kurekebishwa. Ni msaada mkubwa, hasa pale kifungu cha mswada kinaposema tu "futa maneno fulani na uweke maneno fulani", jambo lisiloeleweka ukilisoma kavu. Kasoro ni kwamba kinachochapishwa ni kipande kinachoguswa tu. Fasili za maneno na adhabu mara nyingi ziko mahali pengine katika sheria, kwa hiyo Kenya Law lazima iwe wazi pembeni.

Halafu kuna mtego wa vifungu. Mswada una vifungu vyake na sheria inayorekebishwa ina vifungu vyake, na Kiswahili chetu huviita vyote kwa neno moja. Kifungu cha 5 cha mswada chaweza kuwa kinagusa kifungu cha 12 cha sheria. Maoni yanayosema "tunapinga kifungu cha 12" hupelekea karani wa kamati kufungua kifungu cha 12 cha mswada, kinachozungumzia kitu kingine kabisa, na hoja yako imepotea bila mtu kukukusudia ubaya. Andika vyote viwili kila mara: kifungu cha 5 cha mswada, kinachorekebisha kifungu cha 12 cha sheria.

Kuhusu lugha, alama hapa ni za chini. Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, na Ibara ya 120 inakitaja pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge. Wabunge hujadili kwa Kiswahili wakitaka, na Kanuni za Kudumu zenyewe zina tafsiri ya Kiswahili. Miswada, hata hivyo, huchapishwa kwa Kiingereza, na cha kisheria tena. Mkulima anayeulizwa maoni yake juu ya mswada wa kilimo anaulizwa kwa lugha ambayo hata baadhi ya mawakili huisoma mara mbili. Angalau wewe unaweza kuandika maoni yako kwa Kiswahili, kwa kuwa Ibara hiyo hiyo inakulinda. Weka tu namba za vifungu sawasawa.

Siku 20 za kamati

Kusomwa mara ya kwanza ni kusomwa kwa jina tu. Hakuna mjadala wala kura. Jina likishasomwa, mswada unapelekwa kwa kamati ya idara inayohusika: ya kodi kwa Kamati ya Fedha na Mipango ya Taifa, ya mahakama na haki kwa Kamati ya Haki na Masuala ya Sheria, ya hospitali kwa Kamati ya Afya. Mara nyingine kamati mbili hukaa pamoja. Mswada wa Nyumba za Bei Nafuu wa 2023, kwa mfano, ulishughulikiwa kwa pamoja na kamati ya fedha na ya nyumba, na aliyekuwa akichungulia ukurasa wa kamati moja tu angeweza kukosa nusu ya taarifa.

Kanuni ya 127 inaipa kamati siku 20 za kalenda tangu kukabidhiwa mswada hadi kuwasilisha ripoti. Za kalenda, yaani Jumamosi, Jumapili na sikukuu zimo. Ndani ya siku hizo kamati inatakiwa itangaze, ipokee maoni, isikilize wadau, ikae ijadili, iandike ripoti, iipitishe na itie saini. Piga hesabu: tangazo likitoka siku ya sita na kamati ikihitaji siku saba za mwisho kuandika ripoti, mwananchi amebakiwa na wiki moja. Ndiyo maana muda wa maoni huonekana mfupi kupita kiasi hata pale ambapo hakuna hila yoyote.

Na pale penye haraka ya kisiasa, hata zile siku 14 za mwanzo huweza kukatwa. Bunge lina uwezo wa kupitisha hoja ya kupunguza muda wa kuchapishwa, mswada ukachapishwa wiki hii na kusomwa wiki hii hii. Hoja ya aina hiyo huonekana kwenye ratiba ya shughuli za siku, ambayo tovuti ya Bunge huiita Order Paper. Ukiona hoja ya kupunguza muda ikitaja mswada unaokuhusu, anza kuandika maoni usiku huo. Tangazo la gazeti likifika, wewe uwe unasahihisha tu.

Sasa, tarehe ya kukabidhiwa kamati utaijuaje? Usibahatishe kwa habari za magazeti. Fungua kumbukumbu za kikao, zile tovuti inaziita Votes and Proceedings. Ni kurasa chache kwa kila kikao, si Hansard nzima, na zinataja miswada iliyosomwa mara ya kwanza siku hiyo. Bunge la Taifa kwa kawaida hukaa Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri, kwa hiyo kuna vikao vinne tu vya kupekua kwa wiki. Ongeza siku 20 kwenye tarehe uliyoiona, nawe una kalenda ambayo huduma yenyewe ilipaswa ikupe.

Jedwali la maendeleo ya miswada lingekuwa jibu la haya yote. Linaorodhesha mswada, mwenye nao, tarehe za kuchapishwa, za kusomwa na hatua ulipofikia. Wazo ni zuri. Tatizo ni kwamba ni faili la PDF linalopakiwa kwa vipindi. Haliwezi kukutumia arifa, na lile unaloangukia kupitia injini ya kutafutia laweza kuwa la miezi iliyopita huku linafanana kwa kila kitu na la wiki hii. Soma tarehe iliyo juu kabla ya kuamini chochote kilicho chini, na ufungue faili kutoka ukurasa wa Bunge wenyewe.

Tangazo, na waraka wenyewe

Matangazo ya Karani hutolewa katika magazeti makubwa ya kitaifa na kuwekwa kwenye tovuti ya Bunge. Tangazo moja laweza kubeba miswada kadhaa ya kamati tofauti, herufi ndogondogo, na kila mswada ukielezwa kwa aya moja au mbili. Mambo manne ya kuyachukua humo ni jina kamili la mswada na namba yake, jina la kamati, anwani ya kupelekea, na saa ya mwisho. Hiyo ya mwisho kwa kawaida ni saa kumi na moja jioni, ikiandikwa 5.00 p.m. Waraka wa kuchelewa hauna haki ya kusomwa.

Waraka hupelekwa kwa Karani wa Bunge la Taifa, ama kwa mkono katika Majengo ya Bunge, Nairobi, ama kwa posta S.L.P. 41842-00100, ama kwa barua pepe cna@parliament.go.ke. Baadhi ya matangazo huongeza anwani ya barua pepe ya kamati yenyewe, na hapo tuma kwa zote mbili. Posta ni ya kukwepa, kwa kuwa muda wa siku saba hauvumilii bahasha. Anayepeleka kwa mkono abebe nakala mbili na arudi na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ndio ushahidi pekee utakaokuwa nao iwapo baadaye ripoti itasema hakuna maoni yaliyopokelewa juu ya kifungu chako.

Kuhusu umbo la waraka, kamati hazitaki insha. Kinachorahisisha kazi yao ni jedwali la safu tatu: kifungu, pendekezo, sababu. Safu ya kwanza ni namba ya kifungu kama tulivyoeleza. Safu ya pili ndiyo yenye nguvu na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Watu huandika "kifungu hiki ni kibaya" na kuishia hapo. Kamati haiwezi kupeleka "kibaya" kwenye ukumbi wa Bunge. Inahitaji maneno ya kufuta na maneno ya kuweka. Andika "kifungu cha 8 kifutwe", au "katika kifungu cha 8, badala ya siku saba iwe siku thelathini". Ukiwapa maneno yanayoweza kunakiliwa moja kwa moja kwenye jedwali la marekebisho, umewapunguzia usiku mmoja wa kazi, na mtu aliyepunguziwa kazi hukumbuka.

Safu ya tatu iwe fupi. Hoja moja ya kisheria, yaani kifungu kinagongana na ibara gani ya Katiba au sheria gani nyingine. Hoja moja ya vitendo, yaani nani ataumia na kwa kiasi gani. Kama una takwimu zako, eleza ulivyozipata. Kama huna, usibuni. Mwanakamati mmoja mwenye ofisa wa utafiti pembeni yake atazibomoa kwa swali moja na waraka mzima utaonekana wa ovyo.

Barua mia moja zilizonakiliwa kutoka ujumbe mmoja wa WhatsApp, zikibadilishwa jina la chini tu, huelekea kuhesabiwa kama hoja moja. Si kwamba hazina thamani, kwani huonyesha ukubwa wa hasira, lakini haziongezi kitu kwenye jedwali la marekebisho. Kampeni yenye akili hugawana vifungu: chama cha wafanyabiashara kikachukua vifungu vya leseni, chama cha wasafirishaji kikachukua vya ushuru wa mafuta, kila mmoja na maneno yake ya kufuta na kuweka.

Kwa faili, tuma PDF ambayo maandishi yake yanachagulika, pamoja na nakala ya Word. Kupiga picha waraka uliochapwa na kutuma picha hizo ni kumlazimisha karani achape upya. Kichwa cha barua pepe kitaje mswada na namba yake, si "MAONI" peke yake. Na kama unataka kufika mbele ya kamati kuzungumza, sema hivyo kwenye aya ya kwanza na uweke namba ya simu inayopokelewa.

Dokeza ni njia nyepesi zaidi. Miswada huwekwa humo na mtu huweza kutoa maoni bila kuandika waraka wa kurasa kumi. Kwa mwanafunzi au mtu mwenye hoja moja juu ya kifungu kimoja, inafaa sana, na ni mahali pazuri pa kuona wengine wanasema nini. Isikufanye uache mlango rasmi, lakini. Ukitaka waraka wenye muhuri na jina lako katika viambatisho vya ripoti, kwa Karani ni lazima.

Mswada usiobadilika machoni

Kasoro kubwa kuliko zote, na inayowapoteza hata waandishi wa habari, ni kwamba faili la mswada halisogei. Maandishi unayoyaona mtandaoni ni ya siku ya kuchapishwa. Kamati ikipendekeza kufuta nusu yake, faili hubaki lile lile. Mabadiliko huishi kwingine: kwanza katika ripoti ya kamati, kisha katika ratiba ya shughuli za siku ambapo marekebisho huchapishwa kabla ya Kamati ya Bunge Zima (wabunge wote wakipigia kura kifungu kimoja kimoja), mwisho katika Hansard.

Mswada wa Fedha wa 2024, Namba 30 wa mwaka huo, ndio mfano wa wazi. Ulipochapishwa Mei ulikuwa na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya asilimia 2.5 kwa thamani ya gari kila mwaka. Tarehe 18 Juni ilitangazwa kwamba hayo yanaondolewa. Aliyefungua faili tarehe 20 Juni bado aliyakuta, yote mawili, kana kwamba hakuna lililotokea. Mitandaoni watu wakagombana, huyu akinukuu mswada na yule akinukuu tangazo, na wote wawili wakiwa na karatasi sahihi za siku tofauti. Tarehe 25 Juni ulipitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106, siku ambayo waandamanaji waliingia Majengo ya Bunge, na kesho yake Rais akatangaza hatautia saini. Ukarudishwa na pendekezo la kufuta vifungu vyote. Faili la Mei halikuonyesha hata moja la hayo.

Kwa hiyo, ripoti ya kamati ndiyo hati ya kusaka baada ya zile siku 20. Nayo ina njia yake ya kusomwa. Nenda moja kwa moja kwenye jedwali la marekebisho yanayopendekezwa, karibu na mwisho kabla ya viambatisho. Kifungu chako kikiwamo, soma kwa kurudi nyuma hadi sehemu ya uchambuzi wa maoni uone kamati ilisema nini. Viambatisho vina kumbukumbu za mikutano, saini za waliopitisha ripoti na mara nyingi nyaraka zilizopokelewa. Shida ni kwamba ripoti nyingi huwekwa mtandaoni kama picha za karatasi, hivyo ukitafuta neno ndani yake hupati kitu. Programu ya kubadili picha kuwa maandishi husaidia, ila huboronga majedwali. Kwa ripoti ya kurasa mia tatu, orodha ya yaliyomo na uvumilivu bado ndivyo vifaa bora.

Usitarajie kila mara kuelezwa kwa nini hoja yako ilikataliwa. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, sababu mojawapo ikiwa Bunge halikueleza kwa nini lilikubali au kukataa maoni ya wananchi. Mahakama ya Upeo iliutengua uamuzi huo tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo na sheria ikasimama. Ripoti nyingine hueleza kwa ukarimu, nyingine huandika mstari mmoja kwamba pendekezo limezingatiwa, basi. Kama viambatisho havikuwekwa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakupa haki ya kuomba hati, na ofisi iliyoombwa inatakiwa kujibu ndani ya siku 21.

Baada ya ripoti

Hapa huduma inarudi kuwa nzuri kiasi. Kila Alhamisi Kiongozi wa Wengi, au anayemwakilisha, husoma kauli ya shughuli za wiki inayofuata. Kauli hiyo hutaja miswada itakayojadiliwa kusomwa mara ya pili na itakayoingia Kamati ya Bunge Zima. Vikao huonyeshwa moja kwa moja, kwa hiyo anayefuatilia mswada mmoja anahitaji dakika kumi za Alhamisi alasiri, si wiki nzima.

Kusomwa mara ya pili ni mjadala wa wazo la mswada kwa jumla. Ukipiga simu kwa mbunge wako usiku huo kumwomba abadilishe kifungu, umewahi. Ukisubiri kusomwa mara ya tatu, umechelewa. Kifungu kimoja kimoja hupigiwa kura katika Kamati ya Bunge Zima, na mbunge yeyote, si wa kamati tu, anaweza kuleta marekebisho akimpa Karani taarifa mapema. Ndiyo nafasi ya mwisho kwa hoja iliyokataliwa na kamati, na hutumiwa na wachache kuliko inavyostahili.

Jambo jingine linalochanganya watu ni tarehe ya kuanza kutumika. Katiba inasema sheria huanza siku ya 14 baada ya kuchapishwa katika Gazeti Rasmi, isipokuwa sheria yenyewe iseme vingine, na za fedha husema vingine kila mara. Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa na vifungu vya kuanza 1 Julai 2023, vingine 1 Septemba, vingine 1 Januari 2024. Yote hayo yameandikwa katika kifungu cha 1, kile ambacho kila mtu hukiruka kwa kudhani kina jina la sheria tu.

Ombi la umma chini ya Ibara ya 119 ni chombo tofauti, tusilichanganye na waraka wa maoni. Ombi huanzisha jambo ambalo Bunge halijalishika. Waraka hujibu mswada ulioko mezani. Ukipeleka ombi wakati kamati inapokea maoni juu ya mswada huo huo, litakwenda kwa mwendo wake na mswada utapita kwa mwendo wake.

Kwa alama: upatikanaji wa maandishi, 8 kwa 10. Ratiba za vikao na matangazo ya moja kwa moja, 7. Ripoti za kamati, 5, na zingepata 7 kama zingewekwa kama maandishi. Taarifa ya tarehe za maoni, 3. Kiswahili, 2, na hizo mbili ni kwa ajili ya Kanuni za Kudumu.

Mwenye mswada unaosuasua ajue pia kwamba muhula wa Bunge una mwisho. Uchaguzi mkuu ujao, kwa hesabu ya Katiba, ni tarehe 10 Agosti 2027, na mswada usiokamilika muhula ukiisha hufa na lazima uchapishwe upya kwa namba mpya. Waraka wako wa maoni hauhamii kwenye mswada mpya. Hifadhi lile faili la Word, linganisha vifungu kimoja kimoja kwa kuwa namba huwa zimesogea, badilisha namba ya mswada juu, kisha upeleke tena kwa Karani.